Makuli wa Chuma

Usipulize kwa mdomo ndani ya chombo cha umeme. Naanza na hilo, vijana wangu, kwa sababu nikianza na habari za kuzaliwa kwangu mtalala kabla sijavaa suruali ndefu. Pumzi yako ina maji, na hewa ya Tanga ina chumvi. Ukipuliza umeondoa vumbi ukaacha kutu. Chukua kipande cha karatasi safi, ngumu kidogo, kipitishe taratibu pale ndimi mbili za chuma zinapogusana, kisha ondoka. Hilo la kuondoka ndilo lililonishinda. Nilikuwa napitisha karatasi, nakagua, napitisha tena, nafika mlangoni, narudi kukagua kama kweli nilipitisha. Wenzangu wakanibandika jina la Tena, na wako wazee Ngamiani ambao mpaka leo hawalijui jina nililopewa na baba yangu.

Nyinyi mnapapasa kioo mkiwa mmejilaza, na mtu aliye Mwanza anaitika. Siwaonei wivu. Nawaeleza tu kwamba kulikuwa na wakati Tanga nzima ilikuwa inajifunza kuzungusha namba kwa kidole, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, upande wa mashine, natokwa na jasho.

Kabla ya hapo simu ilikuwa ya kukoroga. Unazungusha mkono wa pembeni, kengele inalia kituoni, opereta anaitika. Opereta wetu aliwajua watu wote. Humtajii namba. Unamwamkia, mnaulizana hali, unamwambia, "Nipe nyumbani kwa mjomba," naye anajua mjomba gani, na wakati mwingine anakwambia mjomba hayupo, amemwona akipita na baiskeli. Nyumba nyingine zilikuwa zinatumia waya mmoja kwa pamoja, hasa huko nje ya mji kwenye mashamba ya mkonge. Unaweza kuinua simu ukakuta watu wawili wanazungumza. Adabu ilikuwa moja: unanyamaza, unangoja wamalize. Shikeni hilo, maana mimi sikulishika, na nusura linitoe kazini.

Kwetu ni Kigombe. Kazi ya simu niliianzia kwenye nguzo: kuchimba mashimo, kuvuta waya, kupanda na kufunga vikombe vya kaure ambavyo waya hukalia. Umeme sikufundishwa na mtu. Shamba moja la mkonge lilitupa simu bovu ya kukoroga, nikaiokota, nikaifungua juu ya mkeka, nikaifunga, nikaifungua. Mama aliniambia, "Mwanangu, hicho kitu kimekukosea nini?" Baadaye nilipata kitabu cha mafundi cha Kiingereza kisicho na jalada, nikakisoma neno kwa neno kwa msaada wa kamusi. Niliyoyaelewa niliyaelewa sana. Niliyokosa sikujua kama nimekosa, na hiyo ndiyo hofu ya mtu aliyejifunza peke yake: hujui shimo liko wapi, kwa hiyo unapiga kila hatua kana kwamba liko hapo.

Aliyenitoa kwenye nguzo ni Fundi Hizza. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, mnene, mpole, na mtani wangu wa kufa na kupona, maana mimi ni Mdigo. Alinikuta siku moja natengeneza simu ya kituo kidogo bila ruhusa. Badala ya kunishtaki akasema, "Mdigo anayesoma! Dunia inakwisha." Idara ya simu ilikuwa inafunga mtambo mpya wa kujiendesha, naye akaomba niwe msaidizi wake.

Sasa niwaeleze mtambo. Msiogope, ni rahisi. Fikirini bandari. Meli imefika, mizigo iko chini, makuli wamesimama. Unamwita kuli mmoja, unamwonyesha mzigo, anaubeba mpaka unakotaka, kisha anarudi kusimama na wenzake. Mtambo wetu ulikuwa hivyo. Rafu za chuma zilifika juu ya kichwa, na kila rafu ilikuwa na vifaa vyenye mkono wa kupanda na kuzunguka. Ukiinua simu nyumbani kwako, mmoja wao anakushika na kungoja amri. Ukizungusha namba, anapanda tak-tak-tak, mwenzake naye anapanda, mpaka wanaifikia laini ya unayemtaka. Ukiweka simu chini, anaanguka na kurudi mahali pake. Hizza ndiye aliyewaita makuli, na jina likashika. Mnachotakiwa kukijua ni hiki: makuli walikuwa wachache kuliko wenye simu. Si watu wote huzungumza kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanatosha. Ila mtu akimshika kuli na asimpe mzigo, kuli huyo amepotea.

Nilipenda mtambo ule kuliko ninavyoweza kueleza. Niliwasafisha makuli mmoja mmoja. Mjusi akiingia kwenye rafu nilimtoa kwa mkono, sikukubali apigwe, maana mjusi aliyekufa ndani ya chuma ni mbaya kuliko mjusi hai. Mafuta nilitia kwa ncha ya waya. Hizza alikuwa akiniangalia anasema, "Unamtia kuli wanja? Unataka kumwoza?"

Tukahamisha laini zote Jumapili mchana, mji ukiwa umepumzika. Tulikata waya za zamani, tukaunganisha mpya, tukajaribu simu mbili tatu. Zikaita. Hizza alinishika bega. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeposa akakubaliwa.

Jumatatu asubuhi, mtambo ukakwama.

Kila kuli aliyeshikwa alikuwa na taa ndogo mbele yake, na taa hiyo hubaki inawaka mpaka aachiwe. Tulipofungua mlango, rafu ya kwanza ilikuwa inawaka yote. Ya pili, yote. Lakini hapakuwa na tak-tak-tak. Makuli wote wameshikwa, hakuna aliyepanda hata ngazi moja. Walisimama kimya, na watu waliotaka simu kwa haja ya kweli walikuwa wanainua na kukuta kimya kitupu. Daktari alituma tarishi kwa baiskeli kuuliza kama tumekufa.

Mkubwa wa kituo alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwenye Kiswahili cha bara alichokiokota mashambani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Akasimama mbele ya rafu, akaniangalia mimi.

"Nani nasafisha hii?"

"Mimi, bwana."

"Wewe hapana na cheti."

"Sina, bwana."

"Fundi Hizza nasema wewe mzuri. Sawa. Mimi ngoja mpaka Jumamosi. Jumamosi saa sita, kama makuli hii bado nalala, mimi napiga simu Dar es Salaam, naleta fundi ya cheti. Wewe narudi nguzo."

Mnielewe: nguzo haikuwa aibu. Mikono yangu iliijua. Lakini nilikuwa nimeshaingia chumba kile, nimeshasikia chuma kinavyofikiri, na nilijua nikitoka sitarudishwa. Kijana wa Kigombe asiye na cheti hafunguliwi mlango huo mara ya pili.

Basi nikafanya ninachofanya nikiogopa: nikasafisha. Nilipitisha karatasi kila mahali. Nilikaza chemchemi zilizokuwa zimekazwa sawa, nikazilegeza, nikazikaza, mpaka Hizza akaninyang'anya bisibisi. Nikafuata waya za taa zilizowaka, nikaona zinakwenda nyumba za kila upande, za mjini, za Raskazone, za Chumbageni. Nikapata wazo ambalo kwenye kitabu changu lilikuwa na picha kabisa: chumvi. Kikombe cha kaure kikipata ukoko wa chumvi, umeme unavuja, na mtambo unadhani mtu ameinua simu. Nikafurahi. Hili nalijua! Nikachukua ngazi na ndoo ya maji baridi, nikapanda nguzo moja baada ya nyingine, nikaosha vikombe kama mama anavyoosha vikombe vya harusi. Watoto wakanifuata chini wanaimba. Nikarudi kituoni nimechomwa na jua. Taa zinawaka vilevile.

Alhamisi Hizza akanikuta nimekaa sakafuni.

"Tena."

"Naam, fundi."

"Laini zimepona?"

"Ziko safi. Nimezipima. Ndiyo maana sielewi. Ukizipima ni kama simu imeinuliwa kweli."

"Na umewauliza wenyewe?"

"Niwaulize nini? Hawajui umeme."

"Kwani nimesema uwaulize umeme? Wewe Mdigo bwana! Umeongea na waya wiki nzima, waya hazina mdomo. Bi Aziza anao. Nenda."

Lazima nikiri kwamba hapo ndipo nilipotaka kulia. Chuma hakiniangalii usoni. Kumpigia hodi mtu mkubwa, kuingia na viatu vyangu vya vumbi, kumwambia simu yako inatushinda, hilo lilinitisha kuliko nguzo yoyote. Na Bi Aziza hakuwa mtu wa kuendewa ovyo. Alikuwa mjane, kizazi cha watu waliotoka Oman zamani, mwenye nyumba ya ghorofa karibu na soko na biashara ya nazi na vitambaa aliyoiendesha mwenyewe akiwa kitini. Taa ya laini yake ilikuwa imewaka tangu asubuhi.

Nikapiga hodi. Nikakaribishwa. Nikaamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, mwanangu, kaa, lete kahawa!" Na nilipokaa nikaiona simu. Iko juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kando yake kuna mto mdogo wa hariri, na juu ya mto umelazwa mkono wa simu, ule wa kuweka sikioni, kwa upole, kama mtoto aliyelala.

"Bibi," nikasema, "mkono wa simu umeanguka."

"Haujaanguka. Nimeulaza."

"Kwa nini, bibi?"

"Namngoja amalize."

"Nani?"

"Huyo." Akauinua, akanipa nisikilize. Ulikuwa mvumo wa kawaida, ule ambao mtambo hutoa kukwambia uko tayari, zungusha namba. "Tangu kahawa ya asubuhi anavuma. Ana maneno mengi, maskini. Pengine ana msiba."

"Bibi, kwa nini usiuweke chini, ukajaribu baadaye?"

Akaniangalia. "Nimkatie mtu simu? Mwanangu, umelelewa wapi?"

"Kigombe, bibi."

"Na Kigombe mnawakata watu maneno?"

"Hapana, bibi."

"Basi."

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na nikaona taa zangu zote zile kichwani. Mji mzima ulikuwa umeinua simu, ukasikia sauti, ukafanya adabu. Waliokuwa na mto walilaza juu ya mto. Wasio na mto walilaza mezani. Makuli wangu hawakuwa wabovu. Walikuwa wameshikwa na watu wenye heshima wanaongoja mwenzao amalize.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia hakuna mtu, ni mtambo. "Unasema nini sasa?" Nikamwambia hausemi, unatoa ishara. Nikaingia kwenye umeme, betri, sumaku. Nilizungumza mpaka mdomo ukakauka. Bi Aziza akanionea huruma, akaniongezea kahawa na halua.

Mlangoni mtu akapiga hodi.

"Karibu!" Bi Aziza akaitika, na jirani yake, Mwanaisha, akaingia moja kwa moja na kapu lake, akaketi.

"Bibi," nikasema, "huyu amepiga hodi, umemwambia karibu. Lau angebaki amesimama nje?"

"Kwa nini abaki nje? Nimeshamkaribisha."

"Angebaki tu. Umesema karibu, na yeye amesimama, anakungoja umalize."

"Ningejua ana jambo na mimi." Akamgeukia Mwanaisha. "Una jambo na mimi?"

"Mimi? Nimekuletea bamia!"

"Basi, bibi, ukiinua simu ndiyo hodi yako. Ule mvumo ni mtambo unakwambia karibu. Ingia. Zungusha namba."

Akauchukua mkono wa simu pale juu ya mto, akausikiliza kwa sura nyingine kabisa.

"Siku zote hizi alikuwa anasema karibu?"

"Siku zote."

"Na mimi nimemsimamia mlangoni." Akashika shavu. "Mbona karibu yake haina mwisho?"

"Ni mkarimu, bibi."

Mwanaisha akacheka mpaka bamia zikamwagika. Bi Aziza akazungusha. Nilimwambia aache gurudumu la namba lirudi lenyewe, asilisukume. Hilo nawaambia na nyinyi kama mtakuta simu ya kizamani mahali: likirudishwa kwa kidole namba zinaharibika. Kuna mwenye duka mmoja Ngamiani alikuwa analisaidia kurudi kwa sababu aliona limechoka, na kila siku alikuwa akimpata kinyozi badala ya mkewe. Bi Aziza alizungusha bila haraka. Alikuwa anamtafuta kaka yake, mwenye duka mtaa wa pili. Akasikiliza, akakunja uso.

"Sasa ananikaripia. Bii, bii, bii."

Nikasikiliza. Laini ya kaka ilikuwa imeshikwa. "Hiyo ni kusema nyumba ina wageni, bibi. Lakini nadhani kaka yako naye…"

"Anangoja," akasema Bi Aziza. "Yule ana adabu kunishinda. Mwanaisha, kimbia, mwambie aiweke chini!"

Tukangoja. Mara hii alipozungusha, simu ikaita, na kaka akaitika kwa sauti ambayo tungeisikia hata bila waya. "Nani?" "Mimi! Usimngoje yule, kaka! Anasema karibu!" "Nani anasema karibu?" "Simu!" "Simu gani?" "Yako!" Wakaongea hivyo muda mrefu, nami nikakaa nikiwasikiliza kana kwamba ni taarabu.

Nilirudi kituoni nikataka twende nyumba kwa nyumba. Hizza akasema nyumba hazitakwisha kabla ya Jumamosi. Lakini sikumjua Bi Aziza. Ijumaa kulikuwa na harusi mtaani kwake, na wanawake wa mji mzima walikuwa humo. Sikuwepo, ila Mwanaisha alinieleza. Bi Aziza alikaa katikati akawaambia kwamba mtu anayelaza simu ni sawa na anayekaribishwa akagoma kuingia, na kwamba yeye alifanya hivyo wiki nzima bila kujua na ameshatubu. Hakuna aliyetaka kuitwa mgeni wa kugoma. Harusi ilipokwisha, kila mmoja alirudi kwake kumfundisha mume.

Nilikuwa nimempitia tena kabla ya harusi, kumshukuru, akaniuliza hali ya mtambo. Nikamwambia ukweli: ulikuwa hoi, na mimi pamoja nao. Nikamwambia na habari ya Jumamosi. Aliniwekea halua kwenye karatasi.

Jumamosi asubuhi niliwahi. Nilipofungua mlango nilisikia kabla sijaona. Tak-tak-tak upande huu, tak-tak upande ule, kama mvua inayoanza juu ya mabati. Taa zilikuwa zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika. Baadhi zilikuwa bado zimeganda, wachache wanaongoja, lakini makuli walikuwa wanatosha. Wanapanda, wanazunguka, wanaanguka, wanarudi. Hizza alikuja akasimama nyuma yangu na hakunitania, jambo lililonitisha.

Ilipokaribia saa sita mkubwa akaingia. Akapita rafu ya kwanza taratibu, mikono nyuma. Akapita ya pili. Akainama, akamwangalia kuli mmoja akipanda mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimekunja kipande cha karatasi mkononi mpaka kimelowa.

"Wewe nafanya nini?" akauliza. "Nabadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu, bwana. Nilikwenda kuzungumza na watu."

Kabla hajajibu, simu ya ukutani, ile ya majaribio, ikalia. Tukaangaliana. Hakuna aliyewahi kuipigia. Mkubwa akanionyesha kwa kidevu.

Nikainua. "Kituo."

"Mwanangu?" Alikuwa Bi Aziza. "Nimemwuliza Hizza namba yenu. Nimezungusha mwenyewe. Nataka kujua mtambo umeamkaje leo."

Nikaziba simu kwa kiganja. "Ni mteja, bwana."

"Nataka nini?"

"Anauliza mtambo umeamkaje."

Mkubwa hakucheka. Alisikiliza makuli, kisha akaangalia saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa sita imepita. Mezani kwake kulikuwa na simu ya kwenda Dar es Salaam, na mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi. Akaenda akaufunga, akarudi.

"Sema, iko mzuri," akasema. "Na Jumatatu wewe kuja hapa saa moja. Hapana nguzo."

Hizza akageuza uso, akajifanya anakagua rafu. Mimi nikaondoa kiganja.

"Bibi, mtambo umeamka salama."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Aziza. "Basi wacha nisiuchoshe." Akaiweka chini mwenyewe, na mbele ya macho yangu taa moja ikazimika, na kuli mmoja akaanguka taratibu mahali pake, tayari kwa mtu mwingine.